Alimwamini, Akafeli

Maren Solberg alijua kwamba anampenda Lyle Brandvold Jumamosi ya sita ya mafunzo. Siku hiyo Lyle alipiga goti sakafuni, akamfunga kamba za viatu binti mmoja wa miaka kumi na moja, huku akiendelea kulieleza darasa kwa nini kidole hakigusi triga ya bunduki mpaka mtu awe ameshaamua kupiga. Hakukatiza maneno wala hakumtazama mtoto usoni asije akamtia haya mbele ya wenzake. Alikaza fundo mara mbili, akasimama, somo likaendelea. Maren alikuwa amesimama nyuma ya darasa na daftari lake. Akajiambia, basi, nimekwisha.

Wala halikuwa jambo la kumwambia mtu. Katika bonde zima la Kettle Creek, kuanzia kwenye kiwanda cha mbao mpaka kwenye mashamba ya juu, hapakuwa na asiyejua kwamba Lyle ndiye aliyekuwa na bunduki mkononi siku alipokufa Nels, mdogo wake Maren.

Ilikuwa miaka ishirini na moja iliyopita. Lyle alikuwa na miaka kumi na mitano, Nels kumi na mitatu, na hao wawili ungedhani wamezaliwa tumbo moja. Asubuhi moja ya Novemba walitoka kuwinda kulungu. Wakafika kwenye uzio wa seng'enge, Lyle akapanda na bunduki yake, akateleza kwenye barafu, bunduki ikalia. Sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, aliandika kuwa ni ajali na hakimu naye akasema ni ajali. Hata hivyo, kabla theluji haijayeyuka, akina Brandvold walikuwa wamefungasha na kuhamia mbali.

Lyle alirudi akiwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma, mtu wa maneno machache mwenye mikono mikubwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwenye klabu ya shabaha kuomba afunzwe ualimu wa usalama wa bunduki. Wapo waliotaka afukuzwe. Lakini alisoma, akafanya mitihani yote kama wengine, akafaulu. Sasa alikuwa amewafundisha watoto wa bonde hilo kwa miaka kumi, na kila darasa aliliambia kilichompata, waziwazi, bila kulitaja jina la aliyekufa.

Maren alikuwa anasambaza barua za posta. Mwezi wa tano, akiwa kwenye mzunguko wake, aliwaona watoto wawili wanavuka uzio kando ya barabara, mmoja akiivuta bunduki kwa kuishika mdomo wake. Alisimamisha gari. Akafungua mdomo ili apige kelele, sauti isitoke. Watoto wakavuka salama, wakampungia mkono, wakaenda zao. Yeye alibaki pale karibu nusu saa, barua za watu mapajani. Jioni ile ile aliandika kwa ofisi ya wanyamapori ya jimbo kuomba awe mwalimu. Alijibiwa kwamba atachunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, atafanya mtihani wa kuandika, atakaa chini ya mwalimu mwenye cheti kwa msimu mmoja, kisha atafundisha somo zima mbele ya mkaguzi. Mwalimu wa karibu yake aliyetajwa kwenye barua hiyo alikuwa Lyle Brandvold.

Siku ya kwanza Lyle alimpokea mlangoni, kofia mkononi. Alimwambia kwamba kuna mwalimu mwingine mjini Missoula, mwendo wa saa mbili kwa gari, na kama anamtaka huyo, atamwandikia barua yeye mwenyewe. Maren akajibu kwamba saa mbili ni mbali. Hayo tu ndiyo waliyosemezana juu ya jambo lile, na toka hapo kila Jumamosi walibeba meza pamoja, wakapanga viti pamoja, na darasa likiisha wakanywa kahawa ya chupa moja nyuma ya gari la Lyle, katikati ya nyundo na viatu vya farasi.

*

Bi Lorna Solberg, mama yake Maren, alijua kuhusu mafunzo. Alijua pia ni nani anayefundisha, ila hakuwahi kuuliza. Lakini Ijumaa, siku moja kabla ya mkaguzi kufika, Maren alipopita kumjulia hali alimkuta jikoni anachambua matunda ya porini kwa ajili ya pai. Jua lilikuwa bado juu ya milima, jekundu kwa moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua huko mbali. Bi Lorna hakuinua kichwa.

"Verna alipita hapa," alisema, akimtaja jirani yake. "Amekuona klabuni wiki iliyopita."

"Unajua niko pale kila Jumamosi, Mama."

"Najua. Anasema ulikuwa unacheka."

Maren alivuta kiti, akakaa. Vidole vya mama yake viliendelea, jani huku, tunda kule, vyote vimekuwa vya zambarau. Kisha alimuuliza Maren moja kwa moja kama anampenda mtu yule. Angeweza kukana, na mama yake angejifanya ameamini, wakaendelea kuishi hivyo kama walivyoishi miaka yote.

"Nampenda," alisema. "Mwenyewe hajui."

Bi Lorna alifuta mikono kwenye aproni. Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani aliyokwisha kuikariri. Alisema kuteleza angemsamehe, kwani nani hajawahi kuteleza? Lakini nyumba ya akina Harlan ilikuwa nyuma ya kilima tu, mwendo wa dakika kumi, na kulikuwa na simu. Lyle alikuwa kijana mwenye miguu mizima. Hakukimbia. Alikaa kwenye theluji saa nzima, mpaka marehemu baba yao Maren alipowatafuta na kuwakuta.

"Daktari alisema isingesaidia kitu, Mama. Alisema ni dakika chache tu."

"Daktari hakuwa mama yake." Aliinuka, akageukia sinki. "Kila mwaka najiuliza, mtu anakaaje? Mtoto wa mwenzio anakufa, wewe unakaaje tu? Na leo wewe unakwenda kucheka naye."

Maren alitaka kumshika bega lakini mgongo wa mama yake haukutaka kushikwa. Aliaga akatoka. Mama yake hakumtakia heri ya mtihani.

*

Mkaguzi aliitwa Bi Odette Kinnaird, mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Alikaa pembeni na karatasi zake. Watoto walikuwa kumi na wanne, na wazazi wao walisimama nyuma. Nje, kwenye majani, Lyle alikuwa amesimika nguzo mbili na kufunga waya kati yake, uzio wa kufundishia. Bunduki ya darasa ilikuwa ya kweli kwa sura na uzito, lakini ilishatolewa sindano ya ndani inayofyatua risasi, haiwezi kulia hata ukifanya nini. Pamoja na hayo sheria zake zilikuwa zile zile za bunduki nzima.

Maren alifundisha vizuri kuliko alivyowahi kufundisha. Aliwaambia watoto mdomo wa bunduki uelekezwe wapi mtu akiwa anatembea, akiwa anapumzika, akiwa anapanda gari. Aliwafanya wacheke kidogo. Wakatoka nje kwenye uzio. Hapo alikuwa ameandaa maneno ya kitabuni, lakini aliposhika waya ule ulimi wake ukasema mengine.

"Mdogo wangu alikufa kwenye uzio kama huu," alisema. "Aliitwa Nels. Alikuwa anapenda kupiga mluzi, na alikuwa hajui kupiga mluzi."

Lyle, aliyesimama hatua tatu kutoka kwake, alikuwa hajalisikia jina lile likitamkwa darasani miaka yote hiyo. Uso wake ulikwisha damu. Maren alimwona, akamhurumia. Akatangaza kwamba sasa wataonyesha jinsi watu wawili wanavyovuka, akamwomba Mwalimu Lyle awe mwenzake. Alieleza kwamba silaha hukabidhiwa kwa mkono, kwamba anayeipokea hufungua kwanza chemba inamokaa risasi, aone kama ni tupu, kwamba bunduki hulazwa chini ya waya na mdomo wake ukitazama pasipo na mtu. Yote aliyasema sawasawa.

Kisha Lyle akampa bunduki. Maren akaipokea huku akimtazama yeye machoni, akailaza chini ya waya, akashika nguzo, akapandisha mguu.

"Simama hapo hapo, Maren," alisema Bi Kinnaird. "Shuka. Ifungue chemba."

Maren aliichukua bunduki, akaifungua. Risasi ya plastiki ya rangi ya chungwa ilidondoka kwenye majani.

Binti yule wa kamba za viatu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, si kwa ubaya, "Kumbe haikuwa tupu."

Maren hakukimbia, na jambo hilo Bi Kinnaird aliliandika. Aliokota ile risasi, akaiinua watoto wote waione, akawaambia kwamba yeye amekosea, kwamba alipokea bunduki bila kuitazama kwa sababu alimwamini aliyempa, na kwamba wao wasifanye hivyo hata kwa baba zao. Akamaliza somo mpaka mwisho wake. Baadaye, kwenye ngazi za ukumbi, Bi Kinnaird alimwambia kwamba ni mwalimu wa kuzaliwa, ila kosa lile halina nusu maksi. Atakagua tena baada ya wiki mbili. Karatasi ilitaka saini mbili, ya mkaguzi na ya mwalimu mlezi. Maren alisimama pale akamwona Lyle akiinama na kutia saini yake chini ya maneno "hajafaulu". Mkono wake haukusita.

*

Alimkuta Lyle nyuma ya ukumbi, anapakia kwenye gari viti ambavyo havikuhitaji kupakiwa.

"Ni wewe uliyeiweka," alisema Maren.

"Ni mimi. Bi Kinnaird alinipa kabla ya somo. Kila anayekaguliwa huwekewa, nami niliwekewa yangu." Alishusha kiti. "Nilikuwa nakuomba moyoni utazame mikono yangu. Wewe ukanitazama usoni."

"Ungekohoa, Lyle. Ungenikonyeza tu."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukufanya hivyo?"

Lyle alichukua kiti kingine, akakipakia. Hasira ya Maren, ambayo ilikuwa imemfikisha pale kwa hatua ndefu, ikaanza kumwisha. Aliketi kwenye ukingo wa gari. Mbali kidogo, wazazi walikuwa wanawaita watoto wao, milango ya magari inafungwa mmoja mmoja.

"Nikwambie kwa nini sikuifungua?" alisema. "Kwa sababu ilitoka kwako. Ingetoka kwa mtu mwingine yeyote ningeifungua hata usingizini. Miezi mitatu nimekuwa nikitazama mikono hiyo, mpaka nimeikariri. Hakuna mikono ninayoiamini zaidi. Haya, umeshajua. Cheka ukitaka."

Lyle hakucheka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akakaa naye, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Kabla hatujavuka, Nels aliniuliza kama iko tupu," alisema. "Nikamwambia iko tupu. Sikumdanganya, Maren, nilidhani hivyo kweli. Naye hakuangalia. Nilikuwa namzidi miaka miwili, alifikiri ninajua kila kitu. Leo ulipoipokea vile, nilimwona yeye. Ndiyo sababu sikukohoa. Ningekukoholea leo, kesho ungepokea hivyo hivyo kwa mtu mwingine, tena bunduki inayolia."

Maren alikuwa hajawahi kuambiwa hilo. Hakuna aliyewahi kuambiwa. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha.

"Watu wawili wa nyumba moja wameniamini bila kuangalia," Lyle aliendelea. "Inatosha. Niamini kwa mengine yote. Kwa hili, fungua chemba kila nikikupa, hata kama nimeifungua mbele yako dakika ile ile, hata tukiwa tumezeeka na hatuoni vizuri, hata..."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Tukiwa tumezeeka," Maren alirudia. "Tumezeekea wapi sisi?"

"Popote." Masikio yake yalikuwa yamewaka mekundu. "Ila pamoja."

"Mtu huanza na nakupenda, halafu ndiyo azeeke."

"Nakupenda," alisema Lyle, haraka, kama mtu anayetema kitu kilichomkaa kooni siku nyingi. "Tangu siku ya pili. Ile ya kwanza niliogopa tu."

Maren alicheka katikati ya machozi, akaimaliza ile nafasi ya mtu mmoja. Aliegemea bega lake. Lilikuwa linanuka chuma, farasi na sabuni. Walikaa hivyo mpaka uwanja ukabaki na magari yao mawili tu. Lyle aliushika mkono wake, akaupindua, akakiangalia kiganja kama anayetafuta mahali pa kuanzia kazi, lakini hakumbusu. Alisema hawezi kuingia kwake kwa mlango wa nyuma, maana Bi Lorna yupo, na yeye ana deni naye ambalo halilipwi kwa saini.

Ndipo Maren akamuuliza lile swali la mama yake. Alimuuliza kwa nini hakukimbilia kwa akina Harlan.

Lyle aliufunika mkono wa Maren kwa mikono yake yote. "Hilo nitamjibu yeye kwanza," alisema. "Siyo kwamba nakuficha. Lakini ni lake. Akiniuliza, hata leo, nitamjibu."

*

Maren alimweleza mama yake yote, akiwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, tayari kufukuzwa. Alieleza kuhusu risasi ya plastiki, kuhusu saini, kuhusu Nels kuuliza kama bunduki iko tupu. Mwisho akaeleza kwamba wanapendana na kwamba Lyle anasubiri kuulizwa.

Bi Lorna alisikiliza lile la Nels akiwa ameshika ukingo wa meza. Baada ya hapo akauliza kitu ambacho Maren hakukitarajia.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyekufelisha?"

"Yeye mwenyewe."

"Na anasema anakupenda."

"Anasema."

"Angeweza kukukonyeza."

"Nilimwambia hivyo hivyo."

Mama yake alimmiminia kahawa bila kumuuliza kama anataka. Kwa wiki mbili zilizofuata hakulitaja jambo lile. Lakini Maren akipita jioni, anakuta kile kitabu cha mafunzo alichokisahau kwenye kabati la vyombo kimehama, leo kipo dirishani, kesho kipo karibu na redio, na miwani ya kusomea juu yake.

Jumamosi ya marudio mvua ilikuwa imenyesha na moshi wote umekwisha angani. Maren alifundisha somo lile lile kwa darasa jingine. Lyle alipompa bunduki, alimtazama mikono, akageuza mdomo pembeni, akafungua chemba, akachungulia, akaingiza kidole kuhakikisha. Safari hii ilikuwa tupu. Aliifungua tena alipoipokea mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Bi Kinnaird alitia saini yake, akampa Lyle kalamu. Lyle alitia yake, akampa Maren cheti kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, akamwita Mwalimu Solberg mbele ya watu wote.

Walipotoka, gari la Bi Lorna lilikuwa limeegeshwa chini ya misonobari. Alikuwa amesimama kando yake na gauni lake la kanisani, mkoba umekumbatiwa kifuani. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Maren alitaka kutangulia, lakini mama yake alimwashiria kwa kidole abaki pale alipo. Lyle ndiye aliyekwenda. Alisimama mbele yake, kofia mkononi, kwa umbali wa heshima.

"Unajua nimekuja kuuliza nini," alisema Bi Lorna.

"Najua, Bi Lorna."

"Basi niambie."

Lyle alisema kwamba alikimbia. Alikimbia kama hatua ishirini kupanda kile kilima, halafu Nels akamwita. Alisema, Lyle, usiniache peke yangu.

"Nikarudi," alisema. "Nikamshika. Akasema anasikia baridi, nikamvika koti langu. Akaniuliza kama yule kulungu mkubwa tuliyemwona jana yake atakuwa bado yuko bondeni, nikamwambia yuko. Halafu hakuuliza tena. Mimi nilikuwa nimemwahidi siondoki, Bi Lorna. Sikujua ahadi kama hiyo inaishia wapi. Nikabaki."

Bi Lorna alikuwa ameushika mlango wa gari. Aliuliza, kwa sauti ambayo Maren aliisikia kwa shida, kwa nini hakusema haya wakati sherifu anamhoji, wakati watu wazima wote wa bonde wanamhoji.

"Ningesema, ingekuwa kama nimemtupia yeye lawama. Watu wangesema alijiua kwa kunizuia. Sikutaka mtu amfikirie hivyo. Afadhali wanifikirie mimi."

Mvua iliyokuwa imebaki kwenye misonobari ilikuwa inadondoka tone tone juu ya gari. Bi Lorna alimtazama mtu huyo mkubwa aliyeinamisha kichwa, akamtazama sana, na Maren akaona mabega ya mama yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo baada ya safari ndefu.

"Kwa hiyo hakuwa peke yake," alisema.

"Hata dakika moja."

"Walimleta nyumbani na koti la mtu," Bi Lorna alisema. "Miaka yote nilidhani ni la sherifu. Ninalo. Nililifua." Alimpima Lyle kwa macho kuanzia mabegani mpaka tumboni. "Halitakutosha. Umenenepa."

Akaingia kwenye gari lake, akashusha kioo, akamwambia Maren kwamba Jumapili chakula ni saa saba na watu watakuwa watatu. Akaondoka taratibu, akikwepa madimbwi.

*

Jumapili Lyle alifika saa sita na nusu na hakushuka. Alikaa kwenye gari lake nje ya nyumba, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, mikono kwenye usukani kana kwamba bado anaendesha. Ndani, Maren alimwambia mama yake kwamba anakwenda kumwita. Bi Lorna akasema amwache mtu ajitulize. Zikapita dakika kumi, akasema, haya, nenda.

Maren alifungua mlango wa abiria, akapanda, akaufunga. Kwa muda walitazama nyumba tu, pazia la jikoni lililotikiswa na mtu aliyejifanya hakulitikisa.

"Nikiingia mle nitalia," alisema Lyle.

"Lia. Mama ameanza tangu asubuhi, anasema ni vitunguu."

Lyle aliuachia usukani. Akamgeukia, akamshika uso kwa mikono ile miwili, taratibu, akambusu hapo hapo mchana kweupe, na ikiwa kuna jirani aliyeona, basi aliona. Walipoachiana, Lyle alifuta machozi kwa mkono wa shati lake jeupe, akavuta pumzi, akauliza ni chakula gani hicho chenye vitunguu.

"Hakuna," alisema Maren. "Ni kuku wa kuoka na pai."

Wakashuka, kila mmoja upande wake, wakazunguka mbele ya gari, wakashikana mikono na kuelekea mlangoni.